Kisamvu cha Duara la Kona

Mchi wangu una ugomvi na watu tangu siku nilipoingia nao Kanada. Uwanja wa ndege walifungua kanga nilizouzungushia, wakaupitisha kwenye mashine, wakaita na mbwa aje kuunusa. Nilipopata nyumba Rexdale, ghorofa ya tisa kwenye barabara ya Kipling, nilitwanga karanga siku moja tu, mama wa chini yangu akaanza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Nikitwanga, anagonga. Nikipumzika, naye anapumzika. Nilishuka kumuuliza ana ugomvi gani na karanga za watu, akanifungia mlango usoni. Basi nikausimamisha mchi nyuma ya mlango, nikawa nanunua kisamvu cha pakiti, kilichokwisha kutwangwa na kugandishwa, kwenye duka la Wakongo barabara ya Weston, na kila ninapokipika nakisema vibaya.

Naitwa Genoveva. Jioni napanga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, mchana nawapikia mafundi wa Roshanali. Huyu Roshanali ni Mwismaili wa Mississauga, mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake hakijahama Mwanza hata siku moja. Kazi yake ni kuongeza kina cha besimenti za nyumba za zamani, mtu aweze kusimama bila kugonga kichwa. Mafundi wanachimba chini ya msingi kipande kimoja, wanamwaga zege, linakauka, ndipo wanafungua kipande kingine. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nimevuka bahari kukimbia mashimo, nimeyakuta yananingoja Toronto.

Maana mimi natoka Mwabasonge. Usiitafute kwenye ramani. Ni machimbo ya dhahabu porini, kusini ya Ziwa. Wajerumani waliyaanza, Waingereza wakayapanua, na walipoondoka waliacha mahandaki na makaburi, wajukuu wa makuli wao wakaendelea pale walipoishia. Babu mzaa baba alikuja kwa miguu kutoka Upare wakati wa Mwingereza, baruti ikachelewa kulipuka, akasogea kuitazama, wakampandisha ndani ya ndoo. Walishusha ndoo mara mbili. Baba alikufa kwa hewa mbaya. Alishuka kumfuata mwenzake aliyezimia, wakatolewa wote wawili wamekumbatiana, na walishindwa kuwaachanisha mpaka walipomvunja mmoja mkono. Kwetu mwanamume haulizwi atakufa lini, anaulizwa atafia duara gani. Duara ndilo shimo la mchimbaji mdogo, na kila duara lina jina lake na maiti zake.

Tulibaki watatu: mama, mimi, na kaka yangu Elinaza. Jina hilo la Kipare alipewa na baba. Mama, Msukuma na Mkatoliki wa kukaza, akanipa mimi la Genoveva ili mizani ikae sawa.

Mwabasonge haikuwa na polisi wa maana, ilikuwa na sheria za duara, na sisi wanawake tulizijua kama wanaume ingawa hatukuruhusiwa kushuka. Kabla ya kuingia unagonga timba, yaani mti unaoshikilia kuta za shimo, unatega sikio. Mti mzima unajibu, mti mbovu unanyamaza. Udongo ukianza kuchuruzika, unakimbilia ndani kwenye mwamba, hukimbilii mdomo, kwa sababu mdomo ndio unaofunga kwanza. Ukifukiwa, unagonga mara tatu, unapumzika, unagonga tena. Anayekusikia anakujibu kwa tatu, na maana yake ni kwamba umesikika, kaa hapo hapo, usimalize pumzi kwa kutambaa, tunakuja. Anayegonga anatolewa hata kama ni mwizi. Na sheria ya mwisho, Mungu ailaani: ya chini husemwa chini. Mliyofanyiana shimoni hayazungumzwi juu ya ardhi, wala kwa mke wala kwa hakimu.

Elinaza na wenzake walikuwa na duara lao, na jirani zao walikuwa watu wa Duara la Kona. Wote walifuata mkanda mmoja wa mawe ya dhahabu, hawa kutoka huku, wale kutoka kule. Jumamosi moja wakatobozana: ukuta wa katikati ukaanguka, wakatazamana taa kwa taa. Kwingine watu wangeitana kikao. Kwetu walipigana humo humo, mahali ambapo mtu hawezi hata kunyoosha mgongo, kwa nyundo, kwa tindo, kwa mawe, na wa Kona wakawasha matairi na magunia ya pilipili, wakapuliza ule moshi kwa mashine ya hewa uende upande wa wenzao. Waliotolewa upande wetu walikuwa wamezimia. Mmoja taya lilining'inia kifuani, mwingine jicho moja halikuwapo. Walitupwa kwenye gari wakapelekwa hospitali Geita, na watu wa Kona wakanijia wenyewe, wapole kabisa, wakaniambia Elinaza ni mmoja wa waliopelekwa, asihangaike mtu.

Niliwaamini. Nikapika kwenye banda langu la mama ntilie Jumapili, nikapika Jumatatu, nikingoja gari la kunipeleka kumwona. Jumanne yule wa taya akarudi, uso umefungwa kama mzinga wa nyuki, na kwa mikono akatueleza kwamba Elinaza hakupandishwa kwenye gari wala hakutoka shimoni. Tulikimbia. Duara la Elinaza lilikuwa limejazwa mawe mpaka juu. Polisi wakaja, wakauliza, kila mtu akatazama vidole vya miguu yake, wakarudi walikotoka.

Mama alikataa kuanua matanga. Alisema mwili haujaonekana na aliyeua hajafungua mdomo, hapo huwezi kusema msiba umekwisha. Tangu siku hiyo, huu mwaka wa kumi na moja, analala kwenye mkeka, hapaki mafuta, hajaketi kwenye kiti hata kanisani. Wazee walimsema, paroko akamsema, yeye akarudi kwenye mkeka wake. Kila nikimpigia simu, kabla ya salamu ananiuliza swali moja, wamekuambia alipo? Kana kwamba Toronto ndiko watu wanakojibu maswali ya Mwabasonge.

Mwezi wa tano mwaka huu Roshanali alipata nyumba Mount Dennis, ya matofali mekundu, ya zamani, wenyewe wamehama mpaka kazi iishe. Akanisifia fundi mpya, Mtanzania, anayechimba kama aliyezaliwa na sururu mkononi. Siku ya kwanza kumwona nilikuwa nimepika kisamvu cha karanga. Mafundi walikaa barazani, nikawagawia. Wawili niliwazoea, Ahmed, kijana wa Tanga asiyeshiba, na Macharia, Mkenya anayepiga stori mdomo umejaa. Yule mpya alikuja mwisho, kofia imefunika nusu ya uso. Akapokea sahani, akanusa, akaiweka kwenye ngazi, akaondoka.

Mimi chakula changu hakisuswi. Nilimfuata ulimi umeshanolewa. Alizunguka nyumba, akafika kwenye mlango wa besimenti, na kabla ya kushuka akaigonga nguzo ya mti kwa vifundo vya vidole, akainamisha kichwa, akasikiliza.

Nikasimama pale pale. Hakuna Mkanada anayefanya hivyo, wala Mtanzania wa Dar. Na ule mgongo niliujua. Ulikuwa umekaa kwenye benchi langu la mama ntilie mwaka mzima. Alikuwa Bernard, tuliyemwita Nyundo, wa Duara la Kona.

Nilirudi kwangu sijui kwa basi gani. Nilitaka vitu viwili, na nilijua vinapigana. Nilitaka aniambie kaka yangu amelala wapi, mama akae kwenye kiti kabla hajafa. Na nilitaka afe yeye, kwa mkono wangu, kwa uchungu. Ukimuua mwenye siri umeizika siri. Nililijua hilo vizuri, na bado kesho yake asubuhi nilitoa mchi nyuma ya mlango, nikautia kwenye kikapu cha magurudumu pamoja na masufuria. Kwenye basi mzee mmoja alinipisha kiti, sijui kwa heshima au kwa hofu.

Roshanali alikuwa amekwenda kuchukua saruji. Niliwapakulia Ahmed na Macharia, nikauchukua mchi, nikazunguka nyuma. Bernard alikuwa ameketi peke yake kwenye kizingiti cha besimenti, kofia magotini. Alikuwa amezeeka. Hilo liliniudhi, maana kaka yangu hakupewa nafasi ya kuzeeka.

"Dada Genoveva," akasema. "Nilijua jana kwamba umenitambua."

"Elinaza yuko wapi?"

Alitazama mchi, akatazama uzio wa jirani, akatazama mawingu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hawezi. Hajasema kwa mkewe, hajasema kwa padri, hata kwenye kitubio aliliruka. Ya chini husemwa chini.

Nilimwambia hapa ni Toronto, hapa hakuna duara, sheria zake azitie anapojua mwenyewe. Akainuka.

"Shimo ni shimo," akasema. "Kama unataka kusikia, shuka."

Akagonga nguzo, akasikiliza, akashuka. Nikashuka nyuma yake, mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu kuingia shimoni, na wala si kwa ajili ya dhahabu.

Chini palinuka udongo mbichi, harufu ile ile iliyokuwa ikija na nguo za baba. Taa ya umeme ilining'inia. Chini ya ukuta wa mbele wa nyumba Bernard alikuwa amefungua vipande viwili kwa mpigo, pango pana la mtu kuingia ameinama, akaliwekea matimba. Niliwahi kumsikia Roshanali akiwaonya mafundi kwamba kipande ni kimoja kimoja, ukuta usiachwe hewani. Bernard aliona huo ni woga wa watu wasiojua mashimo. Akaingia pangoni, akachuchumaa, akaniita kwa mkono. Nikaingia.

Akasema yote, bila kunitazama. Ndiye aliyemfikia Elinaza wa kwanza. Alimpiga nyundo ya bega, likaingia ndani, akampiga ya goti. Elinaza hakulia. Alitambaa kwa mkono mmoja akaingia kwenye handaki la zamani la Mwingereza lililokutana na mkanda wao, tundu jembamba ambalo nyundo haikuweza kurushwa ndani yake. Waliogopa kumfuata. Basi waliangusha matimba ya mdomo wa handaki, wakalundika mawe, wakamfungia.

"Kisha akaanza kugonga," Bernard akasema. "Tatu, anapumzika. Tatu, anapumzika."

Nikamuuliza lile handaki lilielekea wapi.

"Chini ya mabanda ya mama ntilie. Tulijua linaishia chini ya jiko lako."

Nadhani hapo ningeweza kumpiga, nikaenda zangu, nikampigia mama. Nilikuwa nimekwisha kupata nilichokifuata. Lakini mdomo wa Bernard ulikuwa umekaa miaka kumi na mmoja umefungwa, na sasa haukufungika.

Akasema kwamba Jumapili mashine za kusaga mawe zilizimwa kama kawaida, Mwabasonge ikawa kimya. Wenzake wakaingiwa na hofu, wakamtuma juu kuangalia kama sauti inafika. Akaja kukaa kwangu, kwenye benchi la karibu na kinu, akaagiza chai. Akamsikia Elinaza akigonga chini, kwa nyayo za miguu yake.

"Ulikuwa unaosha masufuria," akasema. "Nikajua ukitulia kidogo tu utamsikia. Ndipo nikakuagiza kisamvu."

Nilikumbuka. Ee Mungu, nilikumbuka mpaka rangi ya bakuli. Kisamvu cha duara zima, alisema, wenzangu wote wanakuja, na kesho pia, tena kitwange kilainike, dada, sisi hatupendi majani ya kutafuna. Nilifurahi. Nilikata majani rundo hadi kiunoni, nikashika mchi huu huu, alionichongea Elinaza mwenyewe kwa mninga, nikatwanga tangu asubuhi hadi jua linazama. Jumatatu nikatwanga tena. Wakala, wakaramba vidole, wakaniambia nina mkono wa baraka.

"Na yeye?" nikamuuliza.

"Waliokuwa mdomoni mwa handaki walimsikia anapiga kelele za furaha. Alikuwa anasema amesikika. Ukitwanga, anagonga. Ukipumzika, anapumzika." Akafuta uso kwa kiganja. "Jumatatu jioni ulipoacha kutwanga, aligonga kidogo, kisha na yeye akaacha."

Nilimchukia mtu huyu kwa namna ambayo sijawahi kuchukia mtu, na niliichukia mikono yangu mwenyewe, na ile kazi nzuri niliyosifiwa. Nilipiga. Pango halikuruhusu kuinua mchi juu, nikampiga kwa kuusukuma kama mtu anayevunja mlango, na mfupa wa bega lake ukalia kama ukuni. Hakuinua mkono kujikinga. Nikampiga tena kifuani, akaanguka kitako, akatema damu kwenye koleo. Nikapiga ya tatu kwa nguvu zangu zote, ya kichwa, na mwili wake, si yeye, ukainama wenyewe. Mchi ukapita juu ya utosi wake ukaliangukia timba. Timba likaruka kutoka mahali pake.

Udongo ukaanza kuchuruzika. Ulikuwa kidogo tu, kama chumvi inayomwagika kwenye karatasi iliyotoboka.

Nilimwona Bernard akiusikia. Damu mdomoni, bega limevunjika, akafanya kile mwili wake ulichofundishwa Mwabasonge: akakimbilia ndani. Akajitupa mwisho wa pango, akajibana pale ambapo kwetu pangekuwa na mwamba. Na mimi ambaye sikuwahi kufundishwa shimoni, nilikimbilia mdomo kama kuku, mchi bado mkononi, nikajikwaa kwenye ngazi. Nyuma ya Bernard hapakuwa na mwamba. Palikuwa na msingi wa matofali ya karne iliyopita uliosimama juu ya hewa, na nyumba ya ghorofa mbili juu yake.

Ukuta wa mbele ulishuka wote. Nilisikia jiko la wenye nyumba likianguka, masinki, vigae, bomba likapasuka likaanza kupiga mluzi. Vumbi likanijaa kinywani. Lilipotulia kidogo pango halikuwapo, palikuwa na mlima wa matofali na udongo mwekundu, na taa bado inawaka, imening'inia upande.

Macharia alishuka akanikamata mkono. Nilimsukuma akaanguka. Akasema kuna harufu ya gesi, tutoke, akakimbia juu akiwapigia simu zima moto, na nikamsikia Ahmed akipiga kelele barabarani kusimamisha magari. Mimi nikakaa kwenye ngazi.

Na Bernard akagonga. Tatu. Akapumzika. Tatu.

Sitadanganya. Nilikaa vizuri, nikavuta sketi ikafunika magoti, nikasikiliza kwa raha. Nilimwambia agonge. Nilimwambia agonge mpaka Jumatatu. Kisha nikatoa simu nikampigia mama, maana kwao ilikuwa jioni na huwa hajalala.

"Wamekuambia alipo?" akauliza.

"Wameniambia, mama. Yuko chini ya jiko langu la zamani. Kwenye handaki la Mwingereza."

Nikasikia kuku wake wakigombea mahali pa kulala.

"Nani amesema?"

"Bernard. Nyundo wa Kona. Ndiye aliyemuua."

"Yuko wapi?"

"Hapa mbele yangu, amefukiwa. Anagonga."

Nilidhani angeangua kilio, au angenibariki. Mama akasema, "Weka simu chini, nimsikie."

Nikaiweka simu juu ya udongo. Tatu. Tatu. Sauti zilikuwa zimeanza kuachana, ya pili ikichelewa kuifuata ya kwanza. Mama alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba hajawahi kuisikia sauti hii, kwamba miaka yote amelala kwenye mkeka akijaribu kuisikia.

"Genoveva," akaita, na nikaichukua simu. "Mwanangu naye aligonga hivi?"

"Aligonga, mama."

"Kuna aliyemjibu?"

Nilishika mchi mapajani. Kama ningesema ndiyo, ningemuua mama kwa simu. Kama ningesema hapana, ningekuwa mwongo wa kwanza kumzulia Elinaza baada ya wale wa Kona. Nilinyamaza, na mama akauchukua ukimya wangu kama alivyotaka.

"Basi huyu mjibu," akasema.

Nilimwambia sitaki. Nilimwambia hajui walichokifanya.

"Nimekwambia mjibu. Anayegonga anatolewa. Mimi sikuzaa mtu wa Kona."

Sikumsamehe Bernard, na msomaji asinipe sifa ambayo si yangu. Mkono ulikuwa wangu, aliyepiga ni mama. Niliinua mchi nikaupiga kwenye boriti iliyoanguka, mara tatu. Upande wa pili akaacha kugonga. Kisha nikamsikia Bernard akilia, mtu mzima, kwa sauti ya ndani sana, na nikajua hicho kilio ndicho walichokisikia wale waliokuwa mdomoni mwa handaki Jumapili ile. Niliutupa mchi, nikaanza kuchimba kwa mikono.

Zima moto waliponiondoa, kucha nne hazikuwapo na nilikuwa nawatukana kwa Kisukuma. Walimtoa alasiri. Mguu wa kushoto ulibaki ndani, wakaukata hapo hapo. Hospitali walikuja watu wa serikali kumuuliza imekuwaje. Akasema alifungua vipande viwili mwenyewe, bosi alikuwa amemkataza, na timba likateleza. Wakamuuliza kuhusu bega. Akasema ni tofali. Ya chini husemwa chini, na sasa mimi nilikuwa ndani ya sheria ile pamoja naye. Sikumshukuru. Nilimpelekea simu tu, nikamshikia sikioni, akawaelekeza vijana wa Mwabasonge mahali pa kuchimba, hatua kwa hatua, mpaka wakapapata.

Walichimba kutoka juu, pale lilipokuwa jiko langu, ambapo sasa mtu anauza vocha. Wakamkuta Elinaza. Alikuwa amelala chali chini kabisa ya mahali kiliposimama kinu, tindo mkononi, na mwamba juu ya uso wake ulikuwa umechimbika shimo la kuingia ngumi. Handaki halikuishia pale kama watu wa Kona walivyodhani. Lilipita mbele, umbali wa kutupa jiwe, likatokea korongoni kwenye magugu. Lilikuwa wazi. Mmoja wa vijana alilipita kwa kutambaa, akatokea upande wa pili amechafuka tu.

Mama ndiye aliyenipa habari hizo. Alizieleza taratibu, bila kulia, akiwa amekaa kwenye kiti, nilimwona kwenye kioo cha simu, kiti cha plastiki cha bluu na yeye amekikalia ukingoni kama mgeni. Alikuwa amepaka mafuta. Alisema kinachomsumbua ni kimoja tu, kwa nini mwanawe hakutambaa. Goti bovu lisingemshinda, alikuwa bado na mkono mmoja mzima.

"Sijui, mama," nikasema.

"Labda alidhani kuna anayemsikia."

"Labda."

Akabadilisha maneno. Akaniuliza, siku ya kuanua matanga watu watakuwa wengi, Mwabasonge nzima inakuja, awapikie nini. Nikamwambia awapikie chochote, wali, ugali, wachinje na ng'ombe mimi nitatuma, isipokuwa kisamvu kisipikwe. Mama alinitazama kwenye kioo. Hakuuliza kwa nini. Halafu akaniuliza kama nimeshakula.